Tulimpeleka Nyanya Nairobi kuona sanamu, akauliza majina yako wapi

Wewe unayekaa Nairobi, hebu sema ukweli. Mara ya mwisho kusimama mbele ya zile sanamu tatu nyeusi za Kenyatta Avenue ilikuwa lini? Sijasema kupita. Kupita unapita kila siku, simu sikioni, ukikwepa boda na wauza soksi. Nasema kusimama, ukasoma yale maandishi ya chini mpaka mwisho.

Najua jibu. Hata mimi, miaka miwili niliyokuwa chuo huko Nairobi kabla ya karo kunishinda nikarudi nyumbani, nilikuwa naitumia Askari Monument kama kituo cha kukutania tu. "Uko wapi?" "Niko hapa kwa askari." Basi.

Sisi ni watu wa Marungu, Kaunti ya Taita Taveta. Kama hujui Marungu, umeshapita ukilala. Ukitoka Voi kuelekea Mombasa unafika Maungu, pale malori yanapojipanga kando ya barabara, mama wanauza matunda, na ukitazama kulia unaona mlima umesimama peke yake kwenye tambarare kama mtu aliyesusa. Huo ni Kasighau, mita 1,641. Nyanya yangu, mama yake mama, amezaliwa chini ya mlima huo. Amepita miaka 80 na alikuwa hajawahi kuiona Nairobi. Mombasa amekwenda mara nyingi, Malindi pia, lakini Nairobi alikuwa anaisikia redioni tu.

Mwaka huu akasema anataka kwenda. Tukauliza anataka kuona nini, maana Nairobi ina mengi: mbuga, maduka makubwa, makumbusho. Akajibu kwa upole kabisa: "Nataka kuona ile sanamu ya watu waliobeba mizigo ya vita. Nasikia iko huko."

Mama akashika kichwa. "Mama, nauli ya watu sita kwenda kuona sanamu?"

"Wewe unalipa kwenda kuona mpira," Nyanya akamjibu, ingawa mama hajawahi kwenda kuona mpira maishani. Nadhani maneno yale yalikuwa yangu, yakapitia kwake.

Kabla sijaendelea, ukitaka kufanya safari kama hii kwa siku moja kutoka upande wetu, sahau treni. SGR inayosimama Voi asubuhi ni nzuri, watoto wanaona ndovu wa Tsavo dirishani, lakini inakufikisha Syokimau alasiri na bado hujafika tao. Siku imekwisha. Dawa ni basi la usiku. Unapanda Voi usiku wa manane, unashuka upande wa River Road kabla jua halijatoka, unatembea mchana kutwa, unarudi na basi la usiku unaofuata. Utachoka, ndiyo. Bebeni chakula. Sisi tulibeba kimanga kwenye hotpoti mbili, na kilituokoa, kwa sababu bei ya chakula cha mchana cha watu sita katikati ya jiji ingekula nauli ya kurudi. Beba pia kiti kidogo cha kukunja kama una mzee. Nairobi ina sanamu nyingi lakini mahali pa kukaa bure ni pachache ajabu.

Tulikuwa Nyanya, mama, mjomba, dada yangu na wanawe wawili, na mimi mwongozaji. Yaani saba, lakini mdogo alipakatwa, ndiyo maana nauli ya sita.

Tulianza na Tom Mboya kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Yuko Moi Avenue, mbele kidogo ya jumba la Nyaraka za Taifa, flamingo wamemzunguka miguuni. Asubuhi hiyo kulikuwa na vijana wameketi chini yake wanasubiri kazi. Sanamu ilizinduliwa Oktoba 2011, na haikuwekwa pale kwa bahati. Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa barabara hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Government Road, akiwa na miaka 38. Mjomba, ambaye huwa hasemi mengi, alimwambia mpwa wake kwamba huyu ndiye aliyesaidia kupeleka mamia ya wanafunzi kusoma Marekani kabla ya uhuru. Mtoto akauliza kama alimpeleka babake Obama. Hilo lina mabishano yake. Obama mzee aliondoka 1959, wakati wa safari hizo, ila nauli yake ilitoka kwingine. Mjomba akasema "karibu na hapo," tukaendelea.

Kimathi yuko mwanzo wa barabara yenye jina lake, pale inapokutana na Mama Ngina. Bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili, nywele za msituni. Alizinduliwa Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hapo Nyanya alisimama kwa muda. Alimjua. Kizazi chake chote kilimjua, hata kama vita vya Mau Mau havikufika kwetu. Akauliza amezikwa wapi. Nikamwambia mpaka leo kaburi halijulikani, familia imetafuta miaka na miaka.

"Lakini jina lake lipo," akasema.

"Lipo, Nyanya. Hili hapa."

Akaligusa lile jiwe kwa kiganja, kisha akasema twende.

Sasa, Askari Monument. Hatua chache kutoka hoteli ya Stanley, katikati ya Kenyatta Avenue, magari yanapita huku na huku. Sanamu tatu za shaba zimesimama juu ya jukwaa la mawe: askari wa King's African Rifles, askari wa kikosi cha Waarabu, na mpagazi. Zilitengenezwa na Mwingereza aitwaye James Alexander Stevenson, zikawekwa pale 1928, miaka kumi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuisha. Mombasa wana ndugu zao, na Dar es Salaam kuna askari mmoja peke yake pale posta, bunduki mbele.

Nikaanza kuwasomea. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, Kiswahili cha zamani kidogo lakini kinaeleweka. Yanawataja askari Waafrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nyanya alisikiliza mpaka mwisho. Akazunguka jukwaa lote, polepole, mkono juu ya bega la mama, akitazama kila upande wa jiwe. Alipomaliza kuzunguka akaniuliza: "Majina yako wapi?"

"Majina gani, Nyanya?"

"Wamesema watakumbukwa majina. Haya, yako wapi?"

Hayapo. Zunguka mara kumi, hutaliona hata moja.

Nikueleze kwa nini swali hilo lilikuwa zito. Huenda darasani ulifundishwa kwamba Vita vya Kwanza vilipiganwa Ulaya, kwenye mahandaki ya Ufaransa. Sisi vilipita uani. Wajerumani walikuwa Tanganyika, Waingereza Kenya, na mpaka uko hapa Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta kwa ajili ya vita tu. Kilima cha Salaita kilipiganiwa Februari 1916. Na jeshi lile halikuwa na malori ya kutosha, punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha afisa kilibebwa na kichwa cha mtu. Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari au kwa kudanganywa. Baadaye sheria ikawekwa ya kuwachukua kwa nguvu, na 1917 ukawa mwaka wa kukusanya watu vijiji kwa vijiji. Kutoka Kenya peke yake walikufa zaidi ya 40,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufika kwa familia zao. Ukisikia Kariokor ya Nairobi au Kariakoo ya Dar, ndilo jina la kikosi hicho, Carrier Corps, lililobaki kwenye midomo yetu baada ya wenyewe kusahaulika.

Mmoja wao alikuwa babu yake Nyanya. Hadithi ya ukoo inasema alichukuliwa kubeba mizigo reli ile ilipokuwa inajengwa. Na mwaka huohuo wa 1915, Waingereza waliwashuku watu wa Kasighau kwamba wanawapasha Wajerumani habari. Wakawahamisha kwa nguvu, mlima mzima, wazee na watoto, wakapelekwa Malindi. Wengi walikufa huko, kwa sababu mtu wa mlimani hakuijua malaria ya pwani. Babake Nyanya alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Miaka mingi baadaye waliporuhusiwa kurudi, babake hakuwa amerudi. Hakuna barua, hakuna aliyekuja kusema amefia wapi.

Soma tena hapo. Watu wake wanaadhibiwa kwa kuisaliti serikali, na yeye yuko njiani amebeba mzigo wa serikali hiyohiyo.

Kwa hesabu ya Kiswahili Nyanya ni mjukuu wake, mama kitukuu, mimi kilembwe, na watoto wa dada ni vining'ina. Vizazi vyote hivyo tulikuwa tumesimama pale kwenye kisiwa cha barabara, matatu zikitupigia honi, na jiwe limeahidi jina.

Yale maneno ya Kiingereza yanahesabiwa kuwa ya Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa wakati ule. Kipling alimpoteza mwanawe John katika vita hivyohivyo, mapigano ya Loos, Ufaransa, 1915. Mwili haukutambuliwa Kipling akiwa hai, lakini jina la John liliandikwa ukutani pamoja na maelfu ya wenzake. Hata wasio na kaburi waliandikwa, mmoja mmoja. Kipling mwenyewe alikuwa kwenye tume iliyosimamia kazi hiyo. Kwa hiyo alijua vizuri thamani ya jina. Ukienda makaburi ya vita pale Voi utaona mawe meupe yamepangwa, majina, vyeo, tarehe. Wetu walipewa sanamu tatu wagawane.

Si maneno ya mjukuu mwenye uchungu tu. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakubali yenyewe kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulichangia. Ikaomba msamaha. Mfalme Charles alipokuja Kenya 2023 alikwenda makaburi ya Kariokor. Na Januari 2025 huko Cape Town ulifunguliwa ukumbusho wenye majina ya zaidi ya Waafrika weusi 1,700 wa vikosi vya kazi, nguzo moja kwa kila mtu. Kwa hiyo kinachofanyika Cape Town kinaweza kufanyika Voi. Isitoshe, Voi ndiko walikopita.

Nyanya alitaka picha. Si selfi, alitaka picha yake amesimama sawasawa karibu na mpagazi. Dada akapiga. Mpita njia mmoja akasimama, akatazama anachokitazama Nyanya, kana kwamba sanamu ile imewekwa usiku uliopita.

Zilizobaki nitazipitia mbiombio. Mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo, karibu na Koinange Street, kuna mnara wa Galton-Fenzi, ulioandikwa umbali wa miji ya karibu na ya mbali. Anasifiwa kwa kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926, wakati hakuna barabara ya maana. Mjomba, ambaye ni turniboi wa zamani, alimpa heshima zake, akasema hata leo kuna sehemu za kufaa kupewa mnara.

Jeevanjee tulikwenda kula kimanga chetu chini ya miti, kati ya wahubiri wawili walioshindana kwa vipaza sauti. Malkia Victoria alikuwa na sanamu yake humo tangu 1906, akakatwa kichwa 2015 na watu wasiojulikana. Watoto walisikitika kuliko nilivyotarajia. Si kwa ajili ya malkia. Walitaka kuona kichwa.

KICC ndiyo iliyowafurahisha wao. Unalipa, unapanda lifti, unafika juu ya paa, ghorofa 28 chini yako, na siku isiyo na mawingu unaona mbuga upande mmoja na jiji lote upande mwingine. Chini uani ameketi Mzee Jomo wa shaba. Mama, aliyelalamikia nauli wiki nzima, hakutaka kushuka. Tulimwita mara tatu. Nyanya alibaki chini kwenye kiti chake, akasema milima anayo nyumbani.

Uhuru Gardens hatukufika. Iko mbali, Lang'ata Road, na ndipo bendera ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Ukiwa na gari anzia huko.

Ya mwisho ilikuwa August 7 Memorial Park, kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, pale ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa 1998. Kuna kiingilio kidogo. Sikuipanga iwe ya mwisho kwa sababu yoyote ila basi letu lilikuwa upande huo. Ndani ya bustani kuna ukuta, na kwenye ukuta kuna majina ya waliokufa Nairobi siku ile, zaidi ya 200. Wafanyakazi wa ubalozi wapo, makarani wa jumba la Ufundi lililoporomoka wapo, na wapo waliokuwa wanapita tu.

Nyanya hasomi. Alimwita kining'ina mkubwa, wa darasa la sita, akamwambia, "Soma."

"Yote, Nyanya?"

"Kwani una haraka ya wapi?"

Akasoma. Akifika pagumu anakwama, anarudia. Nyanya anaitikia "ehe" kwa kila jina, kama anavyoitikia mtu anapomsalimu. Walimaliza safu moja na nusu hivi kabla mlinzi hajaja kutuambia wanafunga. Nyanya alimshukuru, na njia nzima mpaka stendi hakusema kitu.

Ndani ya basi, tumeshapita Mlolongo, ndipo aliposema anataka jina la babu yake liandikwe. Si jiwe. Kwenye karatasi kwanza. Kining'ina akatoa daftari la hesabu, akageuza nyuma, tukawasha tochi ya simu.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Nyanya analitamka kwa ile sauti yetu ya kooni, ambayo sisi huiandika "gh". Mjomba anasema kitambulisho cha marehemu babu kiliandikwa kwa "g" peke yake, na serikali inafuata kitambulisho. Mama anakumbuka cheti cha ubatizo kilichokuwa na "k". Nikawakumbusha kwamba hata mlima wenyewe kwenye ramani ni Kasigau, na sisi ni Kasighau. Kama karani wa Kiingereza wa 1915 aliliandika mahali, pale Voi, jua kali, foleni ya watu wanaoshikiwa bunduki, unadhani aliliandika vipi? Na tukienda kulitafuta kwenye daftari lolote lililobaki, tutafute lipi?

Ndiyo maana silitaji hapa. Tulifika Mtito Andei saa sita na nusu usiku tukiwa na namna nne za kuliandika, zote kwenye ukurasa mmoja, na Nyanya amekataa tatu. Jumapili tunakwenda Kasighau kuwauliza wazee wawili waliobaki. Na wewe kama kwenu kuna aliyekwenda na Kariokor asirudi, hapa Taita, Ukambani, Nyanza, popote, anza na swali hilohilo ukifika nyumbani: alikuwa anaitwa nani, na linaandikwaje?